Siku ya Mapumziko Tuliyokwenda Kutazama Ndege

Tulikuwa watano, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyewahi kutazama ndege, wenzangu waliniachia uongozi wa siku hiyo ya mapumziko. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kadiri tutakavyotembea mbali ndivyo tutakavyoona ndege wengi. Tuliondoka alfajiri, maana ndege huimba na kutafuta chakula kwa wingi saa za mwanzo za asubuhi, lakini tulipita mashambani tukizungumza na kucheka, mmoja wetu akiwa amevaa fulana nyeupe inayong'aa, na kwa saa mbili tuliona zaidi mikia ya ndege waliokuwa wakitukimbia.

Tulipofika kwenye kijito niliwaomba tuketi chini ya mti, jua likiwa nyuma yetu, tukae kimya kwa nusu saa. Robo saa haijaisha, mdiria alitua kwenye tawi lililoinamia maji, akajitupa, akaibuka na samaki mdogo, akampigiza tawini mara kadhaa, kisha akammeza kwa kumtanguliza kichwa ili mapezi yasimkwame kooni.

Rafiki yetu mwenye miwani hakumwona. Nilikuwa nimemwazima darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za kipenyo cha milimita 42, naye akalalamika kwamba anaona kiduara kidogo kilichozungukwa na kiza. Mwenye miwani hupaswa kushusha vikombe vya mpira vilivyo upande wa macho, na hilo nilipaswa kumweleza kabla hatujaondoka. Nikamwonyesha pia kwamba mtu humkazia ndege macho kwanza, kisha huinua darubini bila kuyabandua.

Kitabu cha ndege nilikizuia kwa muda: kwanza umbo la mdomo, urefu wa mkia na namna ya kuruka viandikwe daftarini, kwa sababu ndege huondoka ilhali kitabu kinabaki. (Ubishi kuhusu vile videge vidogo vya rangi ya kahawia haukuisha hata hivyo.) Mmoja alipotaka kuwavuta kwa milio iliyorekodiwa katika simu nilimkatalia, kwani ndege mwenye kiota huacha makinda yake akamsake mpinzani asiyekuwapo.

Adhuhuri, joto lilipozidi na milio kupungua, daftari lilikuwa na aina 19, na 14 kati ya hizo tulizipata pale kijitoni. Aliyekataa kuondoka ni yule wa fulana nyeupe, ambaye wakati huo alikuwa amejifunika koti langu.