Chupa ya saa nane usiku

Mbwa wetu Malkia aligongwa na bodaboda asubuhi, hatua chache tu kutoka getini kwetu. Tulipomaliza kumzika ndipo tulipokumbuka watoto wake watano chini ya banda la kuni, wa siku tatu, macho bado hayajafunguka. Ilikuwa Julai, hapa Arusha, na baridi yetu mnaijua.

Nilikimbilia jikoni. Nikapasha maziwa ya ng'ombe, nikatia kwenye chupa ya mwanangu, nikampakata wa kwanza chali, kama ninavyompakata mwanangu mwenyewe. Alikuwa wa baridi kama kokoto ya mtoni. Alivuta mara mbili tatu, kisha maziwa yakamtoka puani na mapovu. Nikamfuta, nikadhani yamekwisha. Kesho yake akawa anahema kwa shida, kifua kinakoroma, na jioni akafa. Maziwa yalikuwa yameingia mapafuni.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yetu anayefuga mbuzi.

"Mwanangu, umewahi kuona mtoto wa mbuzi ananyonya chali?"

"Hapana, babu."

"Sasa huyu wa mbwa nani kakwambia?"

Tangu hapo nikawa nawalaza kifudifudi juu ya taulo mapajani, kichwa kimeinuka kidogo tu, miguu ya mbele ipate pa kusukumia. Maana husukuma hasa, kama wanakanda unga. Na chupa sikuiminya hata siku moja. Tundu la chuchu nililitoboa kwa sindano ya moto. Ukiipindua chupa, maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakichuruzika, hiyo chuchu tupa.

Daktari wa mifugo naye akanionya jambo ambalo nisingelifikiria: mtoto wa baridi halishwi. Tumbo lake halifanyi kazi, maziwa yanabaki humo yanachacha. Kwanza apate joto, taratibu. Basi nikajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, nikazivika soksi, nikaziweka upande mmoja wa boksi. Upande wa pili niliuacha wazi ili anayeona joto limezidi ajivute huko. Wiki ya kwanza humo ndani panatakiwa kuwa kama nyuzi 30 hivi. Wakirundikana na kulialia, ujue chupa zimepoa.

Maziwa ya ng'ombe matupu yaliwaharisha, kwa sababu ya mbwa yana mafuta na protini nyingi zaidi na sukari kidogo. Wakati nasubiri yale ya unga ya watoto wa mbwa, daktari aliniruhusu kuchanganya kikombe cha maziwa ya mbuzi, viini viwili vya mayai na kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, kwa siku mbili tu. Bahati yao walikuwa wameshanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yao.

Kila mmoja nilimfunga uzi wa rangi yake shingoni, umelegea, nikawa napima uzito kila asubuhi kwa mzani wa keki wa mke wangu (ambao haujarudi tena kwenye keki) na kuandika daftarini. Mwekundu alianza na gramu 280, nikawa nampa mililita 11 hivi kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Uzito ukipanda, na maziwa yanapanda. Siku Bluu alipobaki palepale, sikungoja kesho; nilimpeleka kwa daktari siku ileile.

Kazi ambayo watu hawaijui ni ya choo. Hawawezi wenyewe; mama yao huwalamba. Mimi nilitumia pamba yenye maji ya vuguvugu, nikiwapapasa taratibu sehemu za siri, kabla na baada ya kula, mpaka mkojo utoke. Majirani walicheka sana. Saa nane usiku, umekaa na koti, unamfuta mbwa!

Siku ya kumi na mbili Mwekundu alifungua jicho moja. La pili kesho yake. Walipotimiza wiki tatu na nusu nikaanza kuwawekea uji mwepesi wa maziwa yao kwenye sahani. Wakaingia na miguu, wakapiga chafya, wakalambana wao kwa wao. Chupa ikaisha kazi usiku ambao Bluu aliitafuna chuchu, akaimeza nusu, nami nikakesha mpaka asubuhi nikisubiri aitoe. Aliitoa.