Siku yangu na darasa la nne: kima, papa na wingu ubaoni

Saa 11 alfajiri. Nimeamka, chai na mihogo ya jana, na huku napasha nachora pembeni ya andalio la somo vile viboksi vitano vya mchoro wa leo, maana watoto wako themanini na kitu na ubao ni mmoja, ukianza kuchora bila kujipanga unaishiwa nafasi kabla hujafika kwenye utamu wenyewe. Bodaboda, shule. Joto la Tanga hilo lishaanza.

Saa 1. Wiki hii zamu sio yangu, alhamdulillah. Usafi, paredi, madarasani.

Saa 2. Sayansi. Natumia duara mbili zilizopishana, zile John Venn aliziandikia mwaka 1880, wengi tunazijua kwenye hesabu za seti ila kwenye kulinganisha viumbe mi naona zinashinda notisi za kunakili. Popo huku, kunguru huku. Mabawa yakaenda katikati bila ubishi, mayai kwa kunguru, nilivyosema popo ananyonyesha darasa likacheka na mmoja akasimama kabisa, mwalimu popo ni ndege, si anaruka? Haya, kama kuruka ndo undege, mbuni tumweke wapi? Na mbu je? Kimya, afu vurugu. Vurugu ya hivyo naipenda.

Saa 4, uji. Wawili wanasukumana foleni, nawaita: "Ukimpiga, basi nini? Na hiyo ikitokea, basi nini tena?" Wakafika mpaka kwa baba kuitwa shule, wakaachana wenyewe.

Saa 5. Kiswahili, hapa ndo nilipokuwa napasubiria. Paukwa! Pakawa! Nikawapa ya kima na papa, wengi washaisikia kwa bibi zao. Urafiki wao pale kwenye mkuyu, kima anamtupia mwenzie matunda, siku hiyo papa akambeba mgongoni waende kwao, katikati ya bahari papa anamwambia sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Nikakata hapohapo. Kelele! Nikageukia ubao.

Mchoro wenyewe, wa kuchambua mambo mawili yanayogombana, tunauita wingu. Asili yake ni Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyekuwa anashughulika na matatizo ya viwandani, baadae miaka ya 1990 walimu wakaupeleka madarasani. Boksi la kwanza lengo: papa aishi kwa amani. Kutoka hapo mahitaji mawili, sultani apone na urafiki ubaki. Afu mwisho yale mambo mawili yanayogombana, ampeleke kima, asimpeleke, katikati nachora radi. Sasa kazi kubwa iko kwenye mishale, kila mshale lazima uandikiwe "kwa sababu" yake. Kwa nini sultani akitakiwa apone ni lazima kima apelekwe? "Kwa sababu dawa ni moyo wa kima." Binti mmoja wa dawati la nyuma, huwa haongei, akauliza: nani kasema? Mganga au sultani mwenyewe? Mwingine akasema si wamtafute kima aliyekwishakufa, mwingine papa angemwambia rafiki yake tangu wako pwani wakae wafikirie wote. Ubao ukajaa.

Ndo nikamalizia: kima akajibu sisi moyo tunauacha nyumbani juu ya mti, turudi nikauchukue, na papa akageuza. Nikauliza papa kakosea wapi, yule binti tena: "Hakuuliza kwa sababu!" Yaani kadanganywa kwa mshale ambao hakuuandikia kitu. Hiyo mi mwenyewe sikuwa nimeiona hivyo.

Niseme tu ukweli wangu, mabango ya rangi ukutani siyaamini sana. Mtoto akinakili viboksi vilivyojazwa tayari hajafikiri chochote, kanakili tu kama anavyonakili notisi, na hadithi ukiisimulia mpaka mwisho bila kusimama inabaki burudani. Chaki inatosha.

Saa 8, ofisini. Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima, ananiambia mdogo wangu, upimaji wa darasa la nne hauulizi mawingu. Shikamoo dada, kweli hauulizi, ila kwenye ufahamu kuna maswali ya kwa nini na hapo ndipo wanaponakili sentensi yoyote ile ya kwenye habari, na sisi tunaandika fikra tunduizi, yaani mtoto ahoji na apime mwenyewe, kwenye maandalio kila wiki. Akacheka. Kabla ya kuondoka akapiga picha ubao wangu.

Saa 12 jioni. Nasahihisha. Niliwaambia kila mtu achore wingu la kwao nyumbani. Wengi ni mpira na kuchota maji. Mmoja amechora kwenda madrasa au kumlea mdogo wake, mahitaji yote mawili kayapata vizuri, ila chini ya mshale kaandika "kwa sababu mama amesema". Nikamwekea vema, na kwa kalamu nyekundu: muulize mama, kwa adabu, saa ngapi mdogo huwa analala.

Bado daftari nusu.