Nilivyomtoa shangazi kwenye diklo

Wanaosema mgonjwa aelezwe ukweli taratibu, ataelewa tu, hawajakutana na shangazi yangu.

Alikuwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo: mkojo unachoma, kinena kinavuta, usiku hakai kitandani. Jirani yetu hapa Ngamiani akampa diklofenaki na kumhakikishia kwamba dawa ile ya maumivu inaua bakteria, imeshachunguzwa. Akameza, maumivu yakatulia, akatangaza kapona. Diklo ikiisha nguvu, moto unarudi palepale.

Kilichoniudhi ni kwamba jirani hakutunga. Watafiti wa India waliandika mwaka 2000 kwamba diklofenaki huzuia bakteria kutengeneza DNA yao. Lakini hiyo ni kwenye sahani za maabara, na wengi wa bakteria hao huhitaji kama mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita ndipo wazuiwe. Kidonge cha miligramu 50 hufikisha kwenye damu kama 2 hivi, tena kwa muda mfupi. Uswisi walijaribu kwa wanawake 253 wenye UTI, matokeo yakatoka 2017: hadi siku ya 3, dalili ziliwaisha asilimia 54 ya waliopewa diklofenaki, na 80 ya waliopewa antibiotiki ya norfloksasini. Sita wa diklo maambukizi yaliwapanda hadi kwenye figo. Wa antibiotiki, hata mmoja.

Nilimsomea shangazi yote hayo. Akanisikiliza huku akimenya muhogo, kisha akauliza, "Hao wa Uswisi wananijua mimi?" Nikamtisha na presha yake, kwamba diklo huipandisha na figo huziumiza. Akasema marehemu mumewe naye alitishwa hivyohivyo, akafika miaka themanini.

Basi nikageuza tanga. "Shangazi, yawezekana usemayo ni kweli. Twende maabara wakauoteshe mkojo wako, yaani wauweke kwenye sahani waone kama bakteria wataota. Kama diklo imewaua hao wadudu, hakitaota kitu, nami nitakwenda kwa jirani kumwomba radhi mbele ya watu." Loo! Baibui lilivaliwa kabla sijamaliza. Kwenye bajaji nzima alikuwa ananipangia maneno ya kuombea radhi.

Nyie mkienda, semeni mnataka kuotesha, maana kuna kipimo cha haraka cha hadubini ambacho hakisemi dawa gani itafanya kazi. Mkojo uwe wa katikati, si ule wa kwanza kutoka, na kopo wakupe wao. Tulilipa elfu kumi na kitu, majibu yakachukua siku mbili tatu.

Sahani ilijaa bakteria wa E. coli, na karatasi ya majibu ikaonyesha antibiotiki zipi zinawaua. Ampisilini wamegoma, septrini wamegoma, nitrofurantoini inawaua. Shangazi akaipitia karatasi kwa kidole, dawa moja moja, akamgeukia yule kijana wa maabara: "Mwanangu, mbona diklo humu haimo?" Kijana akainama kuficha kicheko. "Hiyo hatuipimi, bibi. Si antibiotiki."

Neno la yule kijana asiyemjua lilimwingia kuliko yangu yote. Daktari alimpima figo kwanza, akaona zinafaa, akamwandikia nitrofurantoini, naye akaimaliza dozi. Sasa analala usiku kucha, na kwa majirani anasimulia kwamba ni yeye aliyetaka kupimwa. Diklo zilizobaki kakatalia, eti za goti. Hapo bado tunagombana, kwa ajili ya ile presha.