Halijajaa, limekufa: msimu wangu wa kwanza kwenye kambi ya karavani

Siku niliyokabidhiwa kambi, jambo la kwanza kuonyeshwa lilikuwa paa. Paneli za sola 24 zimepangwa juu ya jengo la mabafu, zinang'aa, na mwenye kambi anazitazama kama mzazi anayemtazama mwanawe aliyefaulu mtihani. "Sisi hapa ni marafiki wa mazingira," akaniambia. Kisha nikaonyeshwa viwanja 40 vya karavani ambazo wageni huja nazo wakizivuta kwa magari yao, chaleti 12 za mbao za kupangisha, chumba cha kufulia, na bahari yenyewe nyuma ya matuta ya mchanga. Shimo la maji taka hakuna aliyenionyesha. Hilo nililijua mwenyewe wiki ya pili, kwa pua.

Ilikuwa harufu ya mayai viza. Mchana upepo unaichukua, huisikii. Jioni upepo ukilala, inatambaa chini kwa chini hadi chaleti za safu ya nyuma. Mama mmoja mgeni alikuja ofisini asubuhi akaongea taratibu, na upole ule uliniumiza kuliko kama angefoka: "Mwanangu, sitaki kukuharibia kazi, lakini tumekuja kuvuta hewa ya bahari na tunalala madirisha yamefungwa."

Nikaomba radhi, nikaita gari la kunyonya. Likaja, likanyonya, likaondoka. Siku tisa baadaye harufu ikarudi. Nikaliita tena. Ikarudi tena. Nikajiridhisha kwamba tangi ni dogo, nikamwandikia mwenye kambi barua ndefu ya kuomba tujenge la pili. Nashukuru hakuijibu haraka.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa maji taka. Alikuja amebeba mti mrefu, ncha yake imeviringishwa taulo jeupe na kufungwa kwa kamba. Nilidhani anatania. Akafungua mfuniko, kisha akanirudisha nyuma kwa mkono kabla sijainama kuchungulia.

"Hapo huinamii, na ndani huingii hata ukidondosha dhahabu. Hewa hii ikizidi inakunyima pua kwanza, halafu inakunyima roho."

Akauzamisha mti polepole mpaka ukagusa sakafu, akauacha dakika kadhaa, akautoa. Taulo lilisomeka kama rula. Chini kulikuwa na alama nyeusi ya tope, upana wa kiganja. Juu yake, maji matupu.

"Tope na utando vikifika theluthi moja ya kina, ndipo unaita gari. Wewe unanyonya nini?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba tangi lenye afya lina tabaka tatu: tope lililotuama chini, utando wa mafuta na takataka unaoelea juu, na katikati maji yanayotoka kwenda mbele. Wanaofanya kazi humo ni bakteria wasiohitaji hewa, wanaokula lile tope usiku na mchana. Wiki tatu baada ya kunyonywa, utando ulipaswa uwe umeanza kujifunga. Wetu haukuwepo kabisa. Akachota maji kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani. Yalikuwa na ubuluu hafifu sana, kama maji yaliyosuuziwa nguo iliyochuja rangi.

"Shimo hili halijajaa," akasema. "Limekufa."

Tukaufuata ubuluu. Haukutupeleka mbali. Kila karavani ina choo chenye kasha la kuchomoa, lita 17 hadi 20 hivi. Likijaa, mgeni hulibeba na kulimwaga mahali palipotengwa, kwetu palikuwa nyuma ya mabafu, na bomba la pale lilikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Ili kasha lisinuke ndani ya karavani, watu hulitia dawa. Nyingi ya dawa hizo za buluu zimetengenezwa kuua vijidudu, na zipo zenye fomaldehaidi. Ndani ya kasha inafanya kazi nzuri tu. Shida ni kwamba ikifika kwenye tangi haiachi kuua. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti: karavani 40, kila moja ikimwaga kasha la lita 20 kila baada ya siku mbili, ni lita 800 kila siku mbili zinazokwenda kuwaangamiza hao bakteria.

Na mimi nilikuwa nawasaidia kufa. Kila nilipoita gari, niliondoa hata wachache waliosalia. Isitoshe, wafanya usafi wa chaleti walikuwa wanamimina klorini chooni kila wageni wanapobadilishana. Aliyewaagiza ni mimi, wiki ya kwanza, ili waone meneja mpya ni mtu wa usafi.

Tangi la kwetu ni hatua ya kwanza tu. Maji yakitoka pale yanaingia kwenye kitanda cha matete: shimo pana lisilo na kina kirefu, limetandikwa turubai zito lisilopitisha maji, likajazwa kokoto, na matete yakapandwa juu. Njia hii ilianza kufanyiwa majaribio Ujerumani miaka ya 1950 na Käthe Seidel, na bado inatumika kwa sababu haihitaji mota wala mtu wa kuibembeleza. Watu hudhani matete ndiyo yanayokunywa uchafu. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na bakteria walioganda kwenye kokoto. Matete yanawapa makazi kwenye mizizi na hewa kidogo. Hesabu ya kawaida ni takriban mita 5 za mraba kwa kila mtu, na chetu kilikuwa na ukubwa wa kutosha. Lakini tangi lilipokufa, uchafu mgumu ulianza kupita bila kuliwa, ukaziba kokoto upande wa kuingilia, maji yakatuama juu. Ile harufu ya jioni ilitokea hapo. Mimi nilikuwa nanusa kwenye mfuniko wa tangi siku zote hizo.

Na baada ya matete ni bahari. Mwenye kambi alikuwa anaota ufuo upate Blue Flag, ile bendera ya buluu ya kutambua fukwe safi, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985. Kwa maji ya bahari, kipimo cha E. koli, bakteria wanaoonyesha kuwa kuna kinyesi, ni kisichozidi 250 kwenye mililita 100. Chupa ya sampuli haiulizi una paneli ngapi juu ya paa.

Nilianza vibaya. Nikaandika tangazo kwa herufi kubwa: DAWA ZA BULUU MARUFUKU. Siku ya pili kibarua akaniita nyuma ya vichaka karibu na uzio. Mtu alikuwa amemwaga kasha lake pale usiku, na alama ya buluu ilibaki kwenye majani kama wino. Nilikasirika, kisha nikajiuliza mtu huyu angefanya nini: amefika jioni, watoto wamechoka, kasha limejaa, tangazo linamwambia ni mhalifu na halimwambii aende wapi.

Tangazo nikaling'oa. Badala yake tukaanza kubadilishana chupa. Mgeni akifika mapokezi, tunamkaribisha, tunamwomba chupa yake ya dawa, tunaibandika namba ya kiwanja na kuiweka kabatini. Papo hapo tunampa yetu, ya kijani, isiyo na sumu ya kuua bakteria, bure, na kikombe cha kupimia. Akiondoka anachukua ya kwake. Nilitegemea ubishi. Walibisha wawili. Wengi walifurahi kupewa kitu, na watoto ndio waliokuwa wakikimbia kuleta chupa.

Mahali pa kumwagia makasha nikapatenga. Tulifukia tangi dogo lililofungwa pande zote, lisiloungana na lile kubwa, ili hata akipita mtu na buluu yake, iishie humo na kubebwa na gari kwenda kunakostahili. Klorini ikaondoka chaletini, ikaja sabuni ya kawaida, siki na brashi yenye meno magumu. Wafanya usafi walinung'unikia brashi, na walikuwa na haki, kwa sababu klorini inakusugulia na brashi inataka mkono. Nikaongeza dakika kumi kwa kila chaleti kwenye ratiba.

Halafu mzee akanishangaza tena. Alileta mapipa mawili ya tope kutoka tangi jingine analolihudumia, tangi lenye afya na miaka mingi, akalimimina kwenye letu. "Mbegu," akasema. Kwenye kitanda cha matete tulichimbua kokoto za mbele zilizoziba, tukaziosha na kuzirudisha, tukashusha kimo cha maji ili mizizi ifuate chini.

Wiki ya tatu harufu ikapungua. Wiki ya tano nililala kwenye chaleti ya safu ya nyuma madirisha wazi, makusudi. Wiki ya saba mzee akafungua mfuniko na tukaona utando, kahawia, umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Sijawahi kufurahia kitu kibaya namna ile.

Katikati ya hayo yote niliharibu kitu kingine. Wageni walikuwa wanakata njia kuvuka matuta ya mchanga, kila mtu na njia yake. Nyasi zinazoshikilia matuta zina ajabu moja: mchanga ukizifukia zinastawi zaidi, zinachomoza juu na kuendelea kuukamata, lakini soli za viatu zikizipita mara kwa mara zinakufa, na penye upara ndipo upepo unapoanza kuchimba. Nikajenga njia moja ya mbao, iliyoinuliwa, nafasi kati ya ubao na ubao ili mchanga upite. Nikainyoosha kama rula kuelekea baharini, tena palepale upepo unapotokea. Ilipendeza kwenye picha. Mwezi mmoja baadaye upepo ulikuwa umeigeuza kuwa mlango. Mchanga ukapigwa hadi kwenye hatua za chaleti ya kwanza, na nguzo mbili za njia zikabaki zinaning'inia. Tuliing'oa na kuijenga upya kwa mshazari, ikiwa na kona mbili, tukaweka uzio mfupi wa vijiti pembeni kukamata mchanga. Kuna wageni wanaolalamika kwamba imekuwa ndefu. Ni ndefu kweli.

Mengine yalikuwa madogo. Vichwa vya mabafu tulibadilisha vikawa vya kutoa lita 7 hivi kwa dakika badala ya 12, na hakuna mgeni aliyeuliza. Taa za nje tukazipa vifuniko zimulike chini. Hata zile paneli zilidai haki yao: paneli zenyewe nzima, ila skrubu za vishikizo vyake zililiwa na chumvi hadi zikawa zinavunjika kwa vidole. Aliyezifunga alitumia chuma cha pua cha kawaida. Tuliweka aina ya 316, yenye molibdenamu, inayostahimili hewa ya bahari, na siku ile ndipo mwenye kambi aliponiuliza kwa mara ya kwanza kuhusu shimo.

Lililobaki ni kabati. Wageni husahau. Wanaondoka alfajiri, mapokezi yamefungwa, chupa zao zinabaki. Msimu ulipoisha nilihesabu chupa 31 za buluu, nyingine nusu, nyingine hazijafunguliwa, kila moja na namba ya kiwanja. Chooni haziingii, mchangani haziingii, kwenye takataka za kawaida haziingii. Nimezipanga kwenye kreti la plastiki, nimeandika SUMU, na nasubiri gari la taka hatari lipite. Kila nikifungua kabati kuchukua kalamu, zinanitazama.