Themanini na Nne

Jumapili iliyopita Mama alipiga simu ya video kutoka Tanga, saa yake ileile, mimi ndiyo kwanza nabandika chai. Binti yangu akaniwahi. Akaichukua simu na kuingia nayo chini ya meza ya jikoni, anakokaa akiwa na siri zake. Nikamsikia anamweleza bibi yake kwamba shule imeleta barua, na hakuchaguliwa kwenye kundi la hesabu za mbele. Barua hiyo nilikuwa nimeificha juu ya kabati tangu Ijumaa. Kumbe ameshaisoma.

Bibi hakujua kundi ni kitu gani. Alichoelewa ni kwamba mjukuu wake ana huzuni ya hesabu, na dawa yake anayo.

"Usilie mjukuu wangu. Hesabu mna za kurithi nyie. Mama yako alipata themanini na nne hukohuko Marekani, nikaibandika mwenyewe kwenye friji. Muulize."

Kichwa kikachomoza. "Kweli, Mama? Iko wapi hiyo karatasi?"

Chai ilikuwa imeshachemka. Nikaendelea kuikoroga.

Karatasi ile haikuwa yangu. Sijawahi kumwambia mtu, si mume wangu, si dada zangu.

Ilikuwa Novemba 2009. Mimi na Mama tulipanga besmenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, katika Kaunti ya Montgomery, Maryland, jirani na Washington; ilikuwa na dirisha moja lililolingana na majani ya nje. Mama hakuipenda kwa uzuri. Aliufuata mtaa. Katika shule za serikali za huku, kwa kawaida mtoto hapangiwi shule kwa alama zake, anapangiwa kwa anwani ya nyumbani. Barabara moja inaweza kuwa ndiyo mpaka: nyumba za upande huu shule hii, za upande ule shule ile, na bei ya nyumba inapanda au inashuka kwa kuutazama mpaka huo. Mwenye uwezo ananunua nyumba na kulipa kodi ya majengo. Sisi tulikuwa na mkataba wa kupanga besmenti, na Mama aliuweka kwenye bahasha moja na pasipoti zetu. Alikuwa anabeba boksi, kama tunavyoziita kazi za kibarua za huku, akikesha usiku sita kwa wiki na bibi kizee mmoja kule Potomac, ili mimi niangukie upande unaotakiwa wa barabara.

Tanga nilizoea kuwa wa kwanza, au nikiteleza sana, wa tatu. Huku nilikuta watoto wanaohesabu maisha yao kwa desimali. A ya somo la AP, yaani somo la kiwango cha chuo linalosomwa sekondari, ilikuwa na uzito wa 5 badala ya 4, kwa hiyo mtu mwenye A tupu katika masomo ya kawaida alikuwa tayari ameachwa nyuma. Mtihani wa SAT, wa kuombea chuo, wakati huo ulikuwa wa alama 2400, na kulikuwa na waliopata 2200 wakaurudia. Shule ilianza saa 1:25 asubuhi. Kwenye korido watu walisalimiana kwa "umepata ngapi?" na baada ya hapo "umelala saa ngapi?", na aliyelala kidogo kuliko wenzake ndiye aliyeheshimiwa. Ikifika Mei, wa mwaka wa mwisho walikuja wamevaa fulana za vyuo vilivyowachukua, na yule aliyekuja na shati la kawaida ulimwona toka mbali.

S. nilikaa naye dawati moja kwenye hesabu. Wazazi wake wote wawili walikuwa mawakili mjini Washington. Kwao jikoni kulikuwa na kaunta ya marumaru ndefu kama kitanda cha watu wawili, na ukutani kalenda ya rangi: buluu fidla, kijani tuisheni, nyekundu mitihani. Jumamosi ilikuwa na rangi zote. Mama yake alinipenda. Alinimenyea machungwa, akanirudisha nyumbani kwa gari lake kila giza lilipoingia, na hakuwahi hata siku moja kuuliza kwa nini tunaingilia mlango wa nyuma. Ninalisema hili kwa sababu sitaki mtu amwone ni mama mbaya. Hakuwa mbaya hata kidogo.

Jumatatu hiyo mwalimu wa hesabu alitugawia mtihani wa logi (logarithimu) aliousahihisha. Mimi nilipata 67. S. alipata 84. Kengele ilipolia hakuinuka. Alizikunja karatasi zake mara mbili, akazisukumia ndani ya kitabu changu.

"Nishikie mpaka Alhamisi," akasema. "Alama haziingii kwenye mtandao mpaka Ijumaa."

Mwalimu yule alikuwa na utaratibu wake: Alhamisi baada ya masomo unakuja na karatasi yako, unasahihisha ulipokosea, anakurudishia nusu ya alama ulizopoteza. S. alikuwa amepoteza 16. Akirudishiwa 8 anafika 92, na 92 ni A, na Ijumaa mama yake akifungua kompyuta ataiona A. Ile 84 itakuwa haijawahi kutokea. Kilichobaki ni mahali pa kuificha siku tatu, maana mama yake alikuwa anampangia mkoba wa shule kila usiku.

"Atakukasirikia?" nikamuuliza.

"Hakasiriki. Ananyamaza. Halafu anampigia simu mwalimu wa tuisheni, anaongeza saa."

Usiku huo nilizitoa karatasi zake kwenye kitabu. Nilitaka kuona swali la sita, lililonishinda kabisa. Yeye alikuwa amelifanya vizuri mpaka mstari wa mwisho, akapata majibu mawili, 5 na hasi 2, akayaacha yote mawili. Ile hasi 2 ilitakiwa aikate, kwa sababu logi ya namba hasi haipo. Alama tatu zilikwenda hapo. Nilikaa naitazama hasi 2 ile kwa mwandiko wake mdogo, safi, nikashangaa kwamba mtu anayejua kiasi hiki anaweza kutetemeka vile. Pini ya stepla ililegea mkononi mwangu, karatasi zikaachana. Jina lake lilikuwa kwenye ya kwanza. Alama ilikuwa kwenye ya mwisho, 84 ndani ya duara jekundu. Nikalala na kichwa mezani, asubuhi nikakurupuka, nikasomba vitabu, nikakimbilia basi.

Niliporudi mchana, Mama alikuwa ameamka na anakaanga vitunguu. Kwenye mlango wa friji, juu ya tangazo la mwenye nyumba kuhusu siku za taka, palikuwa na ile karatasi ya mwisho. Kaibandika kwa selotepu pembe zote nne.

Alinifuta uso kwa mikono yote miwili, mikono inanuka vitunguu na manjano. "Mashallah," akasema. "Mashallah, mwanangu. Themanini na nne. Kwetu hiyo si A hiyo? Nimerudi na miguu imevimba nikaikuta mezani, nikakaa naitazama. Sikulala vizuri kwa furaha. Nimempigia mama yako mdogo."

Nilifungua mdomo. Nataka niwe mkweli hapa: nilifungua mdomo kweli, na maneno yalikuwepo. Lakini nilitazama miguu yake, ndani ya soksi zile nene za kazini, na maneno hayakutoka.

Jumatano usiku alipoondoka kwenda kazini, niliibandua. Nilimwambia baadaye mwalimu kaitaka irudi. Palibaki mraba kwenye friji, safi kuliko pengine pote.

Alhamisi asubuhi S. alinisubiri kwenye gari lake, kwenye maegesho ya wanafunzi. Ilikuwa bado saa moja na dakika chache, anga la kijivu, vioo vina ukungu, hita inavuma. Nilimpa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya mwisho nikaichelewesha. Nilikuwa nimebandua selotepu friji tu, kwenye karatasi sikuthubutu, kwa hiyo ilikuwa na vipande vyake vyote vinne, kila kimoja kimening'inia kwenye pembe kama sikio. Na chini, karibu na duara, alama ya kidole cha manjano.

Aliipokea akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii nini?"

"Selotepu."

"Nimeona. Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia. Nilisema Mama aliikuta akadhani ni yangu, akaibandika kwenye friji.

S. alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo nalisikia kwa sauti yake, taratibu, kama mtu anayeuliza njia kwenye mji asioujua. "Aliibandika ili uone aibu?"

"Hapana. Alifurahi."

"Kwa 84?"

"Kwa 84."

"Alisema nini?"

"Alisema mashallah."

"Ndiyo nini?"

Nikajaribu kumweleza kwa Kiingereza changu cha wakati ule. Ni neno unalolisema ukiona kitu kizuri Mungu alichokijalia, hutaki jicho baya likifikie. Akaniambia nilirudie. Nikalirudia. Akalisema mwenyewe, chini chini, akiitazama ile 84, si akinitazama mimi. Akaweka kidole chake juu ya alama ya manjano, kikatoshea.

Kengele ya kwanza ilipolia hatukutoka. Alianza kubandua selotepu, taratibu sana, kwa ncha ya ukucha, kwa sababu karatasi ikichanika mwalimu atauliza na mama yake ataona. Cha kwanza kikatoka kizima. Cha pili. Cha tatu kikaja na ngozi ya karatasi, akasita, akapuliza juu yake kama anapoza kidonda. Cha nne kikatoka. Kila kimoja alikibandika kwenye dashibodi mbele yake, vinne kwa mstari. Hakulia. Nilisubiri alie, nilikuwa nimejiandaa, nikaona anavuta pumzi tu na kuitoa, kioo mbele yake kikifunga ukungu na kufunguka.

"Twende," akasema. "Tutachelewa."

Mchana ule tulikaa pamoja chumba cha mwalimu. Yeye alikata hasi 2 yake, akaandika sababu, akapata 92. Mimi nilisahihisha nilivyoweza, yeye akinionyesha kwa kidole bila kuniambia jibu, nikafika 78. Ile 78 ilikuwa yangu kweli, kila alama yake naijua ilikotoka. Niliiweka chini ya godoro. Ningempa Mama ile baada ya 84, angedhani nimeshuka.

Mengine yalikwenda mbio. Mwaka uliofuata, katikati ya Desemba, S. alipata chuo alichokitaka, kile ambacho jina lake hutajwa kwa sauti ya chini. Mimi nilianzia koleji ya kaunti, nikahamia chuo kikuu cha jimbo, na kazi ninayofanya leo inanitosha. Tuliandikiana, kisha tukaacha. Niliwahi kupanda gari lake mara nyingi baada ya siku ile, mpaka majira ya kuchipua, na vile vipande vinne vilikuwa bado dashibodini, vimeshika vumbi. Hakuvitoa. Sikumuuliza.

Zamani nilidhani kisa hiki kinahusu uongo wangu, na kwamba siku nikitubu kwa Mama kitakwisha. Sasa sina hakika. Mama ameuguza watu wa mji ule miaka kumi na tatu ndipo akarudi Tanga, na katika vitu alivyorudi navyo moyoni kimoja ni asubuhi ile aliyokaa na miguu imevimba akaitazama namba. Nikimwambia, namrudishia kitu gani? Na kumwacha nayo, ninamheshimu au ninamdharau? Nimeshindwa kupiga hesabu hiyo. Ninachojua ni kwamba Ijumaa ile nilipoletewa barua ya binti yangu niliisoma nimesimama, nikatafuta kwanza waliochaguliwa ni wangapi, kisha nikanyamaza. Na nilikuwa nimeshashika simu kutafuta mwalimu wa tuisheni kabla sijavua koti. Mimi, niliyekaa kwenye gari lile.

Nilizima jiko. Nikamwambia binti yangu karatasi ile haipo, niliirudisha shule.

Akafikiri kidogo, simu mkononi, bibi yake bado anatabasamu kwenye kioo, nyuma yake mwanga wa jioni wa Ngamiani.

"Na wenzako walipata ngapi?"

"Wenzake wa nini?" Bibi akauliza, na aliuliza kweli, anataka kujua.

Binti yangu hakumjibu. Ananitazama mimi, anasubiri namba.