Mboji Iliyoamka Kabla ya Matuta

Asubuhi ya leo nilipofunua rundo la mboji, mvuke mwembamba ulinipanda mikononi ilhali udongo wa matuta ulikuwa ungali baridi, nami nikafurahi kweli kuona kwamba vijidudu vimeanza kazi ya majira ya kuchipua. Rundo hilo lilidumaa kipindi chote cha baridi kwa sababu nilirundika maganda ya mboga bila kuyachanganya na majani makavu, likalowa, likakosa hewa na kutoa harufu kali. Wiki mbili zilizopita nililipindua lote, nikaongeza majani makavu na vipande vya maboksi, mpaka konzi moja ikiminywa ikawa inatoa tone moja au mawili tu. Uwiano unaofaa ni takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi kwenye majani makavu na maboksi, kwa sehemu 1 ya nitrojeni, inayoletwa zaidi na maganda ya mboga. Rundo likidumu kwenye nyuzi 55 za Selsiasi kwa siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa.

Kupanda, kwa maoni yangu, hakutaki pupa. Naminya udongo kiganjani. Ukibaki donge linalong'aa kwa maji, nauacha, kwa kuwa kuulima ukiwa hivyo huugandamiza na kuziba njia za hewa ambazo mizizi inazihitaji. Ukivunjika kwa kuguswa tu, natandaza mboji iliyoiva, unene wa sentimita 3 hivi, kisha napanda njegere, spinachi na figili, ambazo huvumilia baridi. Miche ya nyanya itakaa dirishani hadi hatari ya jalidi, yaani baridi inayogandisha maji, ipite.