Damu ndani ya mrija wa milimita 18

Mgonjwa alikuwa mama mkulima wa zabibu kutoka Hombolo. Kwa miezi mitano maumivu yalimshuka kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto, na unyayo ulikuwa umeanza kulegea. Picha ya MRI ilionyesha diski kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imechomoza na kubana neva.

Tulikubaliana nimfanyie upasuaji wa mgongo kwa mrija, njia ambayo Foley na Smith wa Marekani waliieleza mwaka 1997. Msuli haukatwi, nyuzi zake hutenganishwa tu. Ngozi hufunguliwa kama sentimita mbili na kazi yote hufanyika ndani ya mrija. Naipenda njia hii, lakini taabu yake ni kuona. Kifyonza damu, ndoana ya neva na koleo vyote hupita katika kitundu kimoja na kuziba mwanga. Kwenye mpasuo mpana damu ina pa kwenda. Humu, matone machache yanafunika kila kitu.

Nilipoondoa kano ya njano, utando unaofunika njia ya neva kati ya pingili, damu ikajaa. Nikafyonza, ikajaa tena. Mkono ulitaka kuchoma kwa koleo la umeme, nikauzuia. Neva ilikuwa humo humo, na kuchoma usichokiona ni kuhatarisha mguu wa mtu. Nikaweka sponji ya kugandisha damu, juu yake pamba iliyolowa, nikasema tungoje.

Wakati tunangoja nikamwomba mtaalamu wa usingizi achungulie chini ya mashuka.

"Dokta, mto wa nyonga umesogea. Tumbo limelalia godoro."

Hapo nikaelewa. Mgonjwa aliyelala kifudifudi akibanwa tumbo, vena kubwa inayorudisha damu moyoni hubanwa pia. Damu hutafuta njia nyingine, nayo ni vena zinazozunguka uti wa mgongo. Zinavimba, na ukizigusa kidogo tu zinamwaga. Nilikuwa nikipambana na damu ndani ya mrija, kumbe chanzo chake kilikuwa chini ya mashuka!

Tulimwinua nyonga polepole, watu watatu, mto ukarudi mahali pake. Nikapiga eksirei tena, maana mgonjwa akisogezwa mrija nao huweza kuhama, na kukosea pingili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Haukuwa umehama. Nilipotoa pamba, pametulia. Neva ilionekana, nyeupe, imetandazwa juu ya diski kama utepe. Niliisogeza kando, nikatoa kipande kilichochomoza.

Kesho yake asubuhi mama alitembea hadi dirishani. Maumivu ya mguu yalikuwa yamekwisha. Unyayo ulichukua wiki kadhaa kupata nguvu.

Siku hizi, kabla ya kunawa mikono kwa upasuaji, napitisha kiganja chini ya tumbo la mgonjwa. Kisipopita, tunampanga upya, hata kama ratiba imechelewa.